Kazini Kwanza, Uzamivu Baadaye: Nini Hasa Hufunga Mlango?

Ukipita vimbwetani wiki hizi za mwisho wa muhula utasikia mjadala uleule kwa wanaosoma hisabati, wawe wa sayansi au sisi wa ualimu: niunganishe masomo moja kwa moja, au niende kazini kwanza? Kwa wengi wetu swali lina jibu kabla halijaulizwa. Nyumbani kuna wadogo wanaosubiri ada. Bodi ya Mikopo inasubiri asilimia 15 yake ya mshahara. Bumu likikatika, hakuna anayekuja kukulisha. Tutaenda kazini. Tutafundisha, tutakaa benki, tutachambua takwimu za kampuni za simu na za bima.

Lakini wapo kati yetu ambao hisabati haijawaachia. Mtihani umeisha, desa zimegawiwa kwa wanaofuata, bado mtu anarudia swali moja usiku kwa sababu halijamwingia sawasawa. Hao ndio ninaowaandikia. Wanaambiwa kila siku kwamba ukishatoka umetoka: ukikaa mtaani miaka mitano, shahada ya uzamivu ya hisabati uisahau, kawe mfano kwa wanao. Kauli hiyo si kweli, na nataka tuone kwa nini si kweli. Ila kuna kitu ambacho kweli hufunga mlango, na wengi hawakijui mpaka siku wanapojaza fomu. Ukikijua sasa, ukiwa bado chuoni, unaweza kukizuia bila kulipa hata shilingi.

Kwanza tuelewane

Uzamivu wa hisabati si kusoma kozi nyingi zaidi za aina hii tunayosoma sasa. Ni kujifunza mpaka ufike ukingoni mwa kinachojulikana, kisha uthibitishe jambo ambalo hakuna aliyewahi kulithibitisha kabla yako. Hapo ndipo unapoachana na kazi nyingi za ofisini. Ofisini bosi anataka jibu kabla ya saa kumi jioni. Jibu likikaribia ukweli vya kutosha, biashara inaenda. Kwenye hisabati, jibu linalokaribia ukweli linaitwa jibu ambalo bado halijapatikana.

Mtu aliyefanya kazi miaka kadhaa anarudi na mali nyingi. Anajua kuandika programu, anajua kumaliza alichoanza, anajua kueleza jambo gumu kwa mtu ambaye hana muda. Hivyo vyote vinasaidia sana katika miaka minne au mitano ya utafiti. Kilichopungua ni mkono wa kuthibitisha. Mkono huo hushika kutu kama jembe lililowekwa stoo: halijaharibika, ila haliwezi kulima leo hii.

Mfano wa kupinga

Tuliosoma mantiki tunajua kwamba kauli inayosema "haiwezekani kabisa" huvunjwa na mfano mmoja tu. Mimi ninao miwili.

Joan Birman alizaliwa New York mwaka 1927. Alipata shahada ya kwanza ya hisabati katika chuo cha Barnard mwaka 1948, akafanya kazi kwenye kampuni za kiufundi, akachukua uzamili wa fizikia, akazaa na kulea watoto watatu. Mwaka 1961, yaani miaka 13 baada ya shahada ya kwanza, alianza kurudi darasani kidogo kidogo katika Chuo Kikuu cha New York. Akamaliza uzamivu mwaka 1968 chini ya Wilhelm Magnus, akiwa ameshagonga miaka 40. Kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu misuko na mafundo kimekuwa cha kurejewa na wanahisabati wa eneo hilo mpaka leo.

Ndiyo, misuko. Chukua nyuzi tatu kama za kusuka nywele. Pitisha ya kushoto juu ya ile ya kati, kisha ya kulia juu ya ile iliyopo kati sasa. Halafu anza upya, mara hii ukianza na upande wa kulia. Matokeo mawili hayafanani. Na kila hatua uliyofanya inaweza kufumuliwa. Kuna kuunganisha hatua, kuna kufumua, kuna kutofanya chochote: tayari una kile ambacho kwenye aljebra tunakiita kundi, na ni kundi ambalo mpangilio wa hatua unabadilisha jibu. Msusi yeyote anajua hivyo kwa vidole. Kazi ya mwanahisabati ni kueleza kwa uhakika ni misuko ipi iko sawa na ipi haiko sawa.

Mfano wa pili ni Preda Mihăilescu, aliyezaliwa Romania mwaka 1955. Alifanya kazi viwandani Uswisi, na alipata uzamivu mwaka 1997 katika chuo cha ETH mjini Zürich, akiwa na miaka zaidi ya 40. Miaka mitano baadaye alithibitisha dai ambalo Eugène Catalan alilitoa mwaka 1844. Dai lenyewe hata mwanafunzi wa kidato cha pili analielewa. Namba 8 ni 2 kipeo cha 3. Namba 9 ni 3 kipeo cha 2. Zinafuatana. Je, zipo namba nyingine mbili zinazofuatana, zote zikiwa vipeo vya namba nzima kubwa kuliko moja, na kila kipeo kikianzia 2 kwenda juu? Catalan alisema hakuna. Ilichukua miaka zaidi ya 150 na mtu aliyepitia viwandani kulithibitisha.

Sasa tuwe waangalifu, maana sisi ni watu wa hisabati. Mfano mmoja unatosha kuvunja "haiwezekani". Hautoshi kuthibitisha "mimi nitaweza". Ukitoka hapa ukisema Birman aliweza basi na mimi nimeshapita, utakuwa umefanya kosa ambalo mwalimu angelichorea mstari mwekundu. Cha kuangalia ni jinsi alivyoingia. Birman hakuruka kutoka ofisini hadi kwenye utafiti. Alirudi kwanza kukaa darasani, mbele ya wanahisabati waliomwona akifanya kazi. Hilo ndilo somo, na tunalifikia sasa hivi.

Kamati inatafuta nini

Idara ya hisabati ikipokea maombi, kamati ya udahili inajiuliza swali moja ambalo limefichwa nyuma ya fomu zote: huyu tukimchukua, atafaulu mitihani ya mwanzo na kisha atastahimili utafiti, au atakwama mwaka wa pili? Vyuo vingi vya Marekani, kwa mfano, vina mitihani ya kufuzu ndani ya miaka miwili ya kwanza, mara nyingi ya analisisi na aljebra. Ukishindwa, safari inaishia pale. Ni kama disko ya huku kwetu, ila umeshavuka bahari.

Kujibu swali hilo kamati inasoma vitu vinne: matokeo yako ya chuo, maelezo uliyoandika kuhusu unachotaka kusoma, matokeo ya mitihani ya nje kama chuo kinaidai, na barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida ni tatu.

Matokeo yako yameshaganda. Ukiwa na C ya analisisi, C itabaki palepale hata ukiwa meneja. Maelezo unaweza kuyaandika vizuri, lakini kamati inajua kwamba kila mtu anajisifu. Mitihani ya nje inaonyesha kasi ya kujibu. Haionyeshi uwezo wa kukaa na swali moja miezi sita. Vinabaki vikaratasi vitatu kutoka kwa watu wengine. Hapo ndipo aliyetoka kazini anapokwama.

Bosi wako ataandika kwamba wewe ni mchapakazi, unafika mapema, umeongoza timu ya watu wanane. Yote ni kweli na yote ni mazuri. Lakini hakuna hata sentensi moja inayoiambia kamati kama unaweza kuthibitisha kitu. Na mhadhiri wako wa zamani? Amefundisha mamia tangu uondoke. Ataandika kwamba ulikuwa darasani kwake, ukapata B+, na anakutakia kila la heri. Barua ya namna hiyo haikuumizi wala haikusaidii. Kwenye rundo la waombaji ambao wahadhiri wao waliwaona wakitatua swali gumu mwezi uliopita, kutosaidia ni sawa na kuangusha.

Kwa hiyo miaka yenyewe si kizuizi. Mlango hufungwa na kukosa shahidi wa karibuni: mwanahisabati anayeweza kuandika kwamba alikupa kitu kigumu, akakuona ukihangaika nacho, ukakivuka. Ukiwa na shahidi huyo, miaka mitano ya kazini inageuka kuwa pambo. Usipokuwa naye, hata miaka miwili ni mingi.

Jipime kabla hujalipa ada

Kabla hujamsumbua mtu yeyote, jipime kutu. Kipimo changu ni rahisi. Chukua kauli ya mwaka wa kwanza na uithibitishe kwenye karatasi tupu, bila simu, bila desa. Mfano: mfuatano wa namba unaokaribia kikomo hauna vikomo viwili.

Ukisema "si inajulikana tu", bado una kutu. Uthibitisho unakwenda hivi. Tuseme mfuatano unakaribia L, na pia unakaribia M, na L si sawa na M. Umbali kati ya L na M tuuite d. Ni mkubwa kuliko sifuri. Kwa kuwa mfuatano unakaribia L, kuanzia mahali fulani namba zake zote ziko umbali mdogo kuliko nusu ya d kutoka L. Vivyo hivyo kwa M, kuanzia mahali fulani pengine. Chagua namba moja ya mfuatano iliyo mbele ya sehemu zote mbili. Kutoka L kwenda M kwa kupitia namba hiyo ni safari fupi kuliko nusu ya d ukijumlisha nusu ya d, yaani fupi kuliko d. Lakini kupitia mahali pa kati hakuwezi kuifanya safari iwe fupi kuliko umbali wenyewe. Tumepata mgongano, kwa hiyo L na M ni kitu kimoja.

Ukitaka kuliona kwa macho: basi lililo kati ya Ubungo na Kibaha haliwezi kuwa na chini ya nusu ya njia kutoka Ubungo na papo hapo chini ya nusu ya njia kutoka Kibaha. Wazo zima ni hilo. Ugumu ni kuliandika hivi kwamba hata mtu mbishi akose pa kuingilia.

Ukiweza hiyo, panda: thibitisha kwamba kazo endelevu kwenye kipande kilichofungwa na chenye mipaka hufikia upeo wake. Ukikwama, umejua pa kuanzia. Rudi kwenye kitabu cha analisisi na cha aljebra, sura kwa sura, ukifanya maswali kwa kalamu. Saa moja na nusu alfajiri kabla ya kazi, siku tano kwa wiki, ni zaidi ya saa 300 kwa mwaka. Huo ni muda wa kutosha kukwangua kutu nyingi.

Kwetu wa ualimu kuna jambo la ziada. Tunagawa muda kati ya hisabati, somo la pili la kufundishia na masomo ya elimu yenyewe. Kwa hiyo tunatoka na kozi chache za hisabati kuliko wenzetu waliosoma hisabati tupu. Hakuna ubaya, ndiyo fani tuliyochagua. Ila kama kozi za hiari zinaruhusu, usikimbie analisisi na aljebra dhahania kwa kuogopa supu. Kamati ikifungua matokeo yako, kozi hizo mbili ndizo itakazozitafuta kwanza.

Barua haziombwi, hutengenezwa

Tuseme tayari uko mtaani na ungependa kumrudia mhadhiri wako. Wengi huandika ujumbe wa mistari miwili: "Dokta naomba rekomendesheni, mwisho ni Ijumaa." Mhadhiri ataandika, maana wahadhiri wetu wana huruma, lakini ataandika nini? Afadhali uanze mwaka mmoja kabla, na uanze hivi:

"Shikamoo Dokta. Nilimaliza miaka minne iliyopita, na ulinifundisha aljebra mwaka wa pili. Kwa sasa nafanya kazi ya takwimu kwenye bima. Tangu Januari nimerudia sura sita za analisisi, na nimeambatanisha maswali 12 niliyoyatatua. Mawili yamenisumbua na sina uhakika nayo. Nikipata nusu saa yako, ningeomba nije niyaeleze ubaoni unikosoe. Barua nitaiomba baadaye, ukiona nafaa."

Ujumbe huu unampa mhadhiri kitu cha kushuhudia. Akikuita, nenda. Akikupa swali jingine, lifanye. Idara nyingi zina semina za wiki ambazo mtu wa nje akiomba kwa adabu anaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza. Baada ya miezi sita ya hivyo, mhadhiri hataandika kwamba ulikuwa darasani kwake. Ataandika alichokiona.

Ya bosi usiitupe. Kama unaombea hisabati tumizi, takwimu au sayansi ya kompyuta, barua moja kati ya tatu inaweza kutoka kazini, hasa kama bosi ameona ukitengeneza modeli na anaweza kueleza ilivyofanya kazi. Mbili zilizobaki zitoke kwa wanaojua uthibitisho ni nini.

Madaraja ya kurudia

Kwa mtu ambaye ushahidi wake umechakaa kabisa, dawa iliyo bora ni kupita daraja: mwaka mmoja au miwili ya masomo kati ya kazi na uzamivu. Daraja linakupa kozi mpya, matokeo mapya na mashahidi wapya kwa mkupuo mmoja.

Daraja la kwanza liko karibu: uzamili wa hisabati hapahapa nyumbani au kwa majirani zetu Nairobi na Makerere. Idara za ukanda huu zimeunganishwa na mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, EAUMP, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa programu ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden. Mpango huo umesomesha watu wa uzamili na uzamivu na kuandaa shule fupi. Ukiingia uzamili hapa, ulizia idarani.

La pili ni AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003. Sasa ina vituo Rwanda, Ghana, Cameroon na Senegal pia. Inatoa uzamili wa muda mfupi, karibu mwaka mmoja, na wanafunzi wake wengi hufadhiliwa. Wahadhiri huja kutoka sehemu nyingi za dunia kufundisha wiki chache chache. Kwa hiyo ukifanya vizuri, unaondoka na mashahidi wanaojulikana huko unakoomba.

La tatu ni kituo cha ICTP mjini Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 hasa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Kina diploma ya mwaka mmoja ya hisabati baada ya shahada ya kwanza, kwa ufadhili. Ushindani ni mkali, lakini mlango uko wazi.

Baada ya daraja, nchi zinatofautiana. Vyuo vingi vya Marekani huchukua mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, kwa miaka mitano hivi. Ujerumani na Sweden kwa kawaida hudai uzamili kwanza. Sweden mwanafunzi wa uzamivu huajiriwa na kulipwa mshahara, na masomo ni ya miaka minne. Nafasi hutangazwa moja moja kama kazi, kwa hiyo aliyezoea kuomba kazi hapo yuko nyumbani.

Kazi yako iseme nini

Katika maelezo yako, usiandike kwamba umependa hisabati tangu utotoni. Kila mwombaji aliipenda tangu utotoni. Andika swali ambalo kazi imekupa na ambalo kazi haikuweza kulijibu.

Chukua mtu wa bima. Modeli nyingi rahisi za kukadiria madai hudhani kwamba madai hayategemeani: gari la Mbagala kugongwa hakuhusiani na duka la Kariakoo kuungua. Zikija mvua kubwa Dar es Salaam na bonde la Msimbazi likafurika, madai mia yanaingia siku moja kwa sababu moja. Dhana imevunjika. Kazini utaongeza kiasi fulani cha akiba, maisha yanaendelea. Mwanahisabati anauliza: nikiondoa dhana ya kutotegemeana, ni kitu gani kuhusu jumla ya madai kinabaki kweli? Ni kiasi gani cha utegemezi kinavumilika kabla kanuni ya wastani haijavunjika? Hayo ni maswali halisi ya nadharia ya uwezekano. Aya moja yenye swali kama hilo inaizidi kurasa mbili za "nina shauku kubwa".

Mwalimu naye ana maswali yake. Karl Weierstrass alifundisha shule za sekondari za Prussia kwa zaidi ya miaka kumi, tangu 1842, na darasani hakufundisha hisabati tu bali hata mazoezi ya viungo. Mwaka 1854 alichapisha makala iliyofanya Chuo Kikuu cha Königsberg kimpe udaktari wa heshima. Njia yake haipo tena leo. Ila hitaji lake la kueleza kikomo bila kubahatisha linafahamika kwa yeyote aliyewahi kuulizwa na mwanafunzi wa kidato cha sita, "ticha, inakaribia halafu haifiki, ina maana gani?"

Kalenda na pesa

Kwa anayelenga kuanza masomo Septemba nchini Marekani, hesabu zinaanza miezi 18 nyuma, mwezi Machi wa mwaka uliotangulia. Machi hadi Agosti ni ya kukwangua kutu na kurudi kwa wahadhiri. Septemba na Oktoba ni ya mitihani. Mtihani wa somo la hisabati wa GRE hufanyika mara chache kwa mwaka, na takriban nusu yake ni kalkulasi. Vyuo vingi siku hizi havilazimishi. Soma masharti ya kila chuo. Matokeo ya GRE yanadumu miaka mitano, ya Kiingereza kama TOEFL na IELTS miaka miwili, kwa hiyo usiyafanye mapema ukayapoteza. Novemba wakumbushe wanaokuandikia. Fomu nyingi hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari. Majibu huja Februari hadi Aprili, na vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha aliyepewa ufadhili kuamua kabla ya tarehe 15 Aprili.

Ada ya maombi mara nyingi ni kati ya dola 75 na 125 kwa chuo kimoja. Zidisha kwa vyuo sita uone. Ila vyuo vingi vina utaratibu wa kusamehe ada. Andika kuomba kabla hujalipa. Na usimpe wakala hela akuombee. Hakuna wakala anayeweza kukuthibitishia kauli hata moja.

Uzamivu wenyewe usiulipie kutoka mfukoni. Idara kubwa humfutia mwanafunzi ada na kumpa posho kwa kufundisha wanafunzi wa miaka ya chini. Chuo kikikukubali bila fedha, hicho bado si kibali, endelea kutafuta. Kama umeajiriwa serikalini, zungumza na mwajiri mapema kuhusu ruhusa ya masomo. Na nyumbani pia zungumza. Mama ambaye amezoea kupokea chochote kila mwisho wa mwezi ana haki ya kujua kwamba kwa miaka mitano kitapungua, na ajue kutoka kwako.

Kabla hujarudisha funguo za hosteli

Yote haya ni magumu kwa aliyeondoka bila kuacha alama. Kwako uliye bado hapa, mambo manne yanatosha. Chagua wahadhiri wawili wa hisabati na uwafanye wakujue kwa kazi yako: nenda ofisini na swali ulilolishughulikia mwenyewe. Fanya mradi mmoja wa maandishi unaohitaji uthibitisho, hata wa kurasa nane, na umwachie mhadhiri nakala. Hifadhi muhtasari wa kila kozi na jina la kitabu kilichotumika, maana vyuo vya nje huuliza. Halafu kubaliana na mwenzako mmoja mtakayefanya naye swali moja kila Jumamosi, hata kama yeye kapangiwa Kigoma na wewe Mtwara.

Mimi mwakani natarajia kuwa mbele ya darasa, kwa sababu zilezile nilizozitaja mwanzo. Nina wadogo wawili. Lakini Dokta mmoja wa idara yetu ameshapokea kurasa zangu nane, kazijaza wino mwekundu na kuniambia nirudishe Jumanne. Nitarudisha.